Kukosolewa renda Mwenge: kwa jua na vipimo, nendeni

Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo anayeandaa potifolio (mkusanyiko wa kazi zake), kijiofisi hiki cha Mwenge, Dar es Salaam, kinachokosoa renda, yaani picha za jengo zinazotolewa na kompyuta, kinastahili nauli na ada yake kwa sababu moja kubwa: wanaanza na jua. Kabla hawajagusa habari ya rangi, wanafungua faili kuangalia modeli imewekwa mji gani. Mara nyingi wanakuta Boulder, Colorado, maana SketchUp, programu ya kuchora majengo, huanzia huko usipobadilisha. Boulder ipo nyuzi 40 kaskazini, jua lake la adhuhuri linakaa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini. Juni jua la adhuhuri linakuwa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba linahamia kusini na kupanda hadi 73. Renda inayoweka ukuta wa kaskazini kivulini adhuhuri ya Juni inadanganya, na kanopi (kipaa cha kukinga jua) uliyoichora kwa jasho haionekani ikifanya kazi. Wakishasahihisha mji, wanapima: kanopi iliyochomoza sm 60 upande huo wa kaskazini, Juni saa sita na nusu mchana, iangushe kivuli cha mita 1 hivi ukutani. Kisipofika hapo, ama saa ya programu bado ni ya Marekani, ama mshale wa kaskazini umegeuka.

Kwenye vipimo ni wakali, na wana haki. Wanahesabu kozi, yaani safu za tofali, kandoni mwa mlango. Mlango wa mita 2.1 na tofali la bloku lenye kimo cha sm 22 na nusu, pamoja na mota ya kuungia, unatoa kozi 9. Picha ikionyesha 4, tekscha (picha ya tofali iliyobandikwa ukutani) imevutwa, na nyumba nzima inaonekana kama ya kuchezea watoto. Kamera wanaitaka mita 1.5 au 1.6 kutoka sakafuni, na mistari ya wima isimame wima.

Kisha wanachapa picha A3 bila rangi, wanatandaza karatasi ya tresing, inayopitisha mwanga, juu yake, wanazungushia kalamu nyekundu pale jicho linapokwama. Hatua hii usiikose. Picha isiyosomeka kwa kijivu haiokolewi na rangi.

Udhaifu wao ni machweo. Kila picha wanashauri ipigwe jua la rangi ya chungwa. Ukiwafuata, kurasa nane zitafanana, na jengo linalotazama mashariki litaangaziwa na jua la upande usio wake. Chukua machweo kwa picha moja inayotazama magharibi, basi. Mimea wanaigusa juujuu, ingawa misonobari ya maktaba za programu kwenye kiwanja cha Kigamboni inaharibu picha kuliko kasoro nyingi. Weka minazi, mikungu, miashoki.

Ukituma kazi kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha. Ikibanwa, watakosoa ukungu ambao kwenye renda yako haupo. Ya kuchapwa A3 iwe na pikseli 4961 kwa 3508. Na nenda na renda za udongo mtupu, zisizo na tekscha, wakati kamera bado zinahamishika. Ukipeleka zilizokamilika siku mbili kabla ya kukabidhi, kosa la jua litakulazimu kurenda zote upya.