Jioni ya mashindano katika klabu ya wapiga picha: uzoefu wangu

Kama unajiunga na klabu ya wapiga picha kwa ajili ya jioni za mashindano, ada haipotei bure, ila usikifuate kikombe. Faida iko kwa jaji. Kwa kawaida huwa ni mtu wa nje ya klabu, hajui picha ni ya nani, na anasema mbele ya watu anachokiona. Kinachosomwa ni jina la picha tu, la mpigaji halitajwi, na alama hutolewa papo hapo, mara nyingi kwa kiwango cha juu cha 20.

Picha za projekta ndizo zinazoponza wengi. Vipimo ninavyokutana navyo sana ni JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini) isiyozidi pikseli 1600 kwa upana na 1200 kwa kimo. Kwa uwiano wa 3:2, picha ya mlalo hutoka 1600 kwa 1067, lakini ya wima hubanwa hadi 800 kwa 1200, yaani eneo lililozidi kidogo tu nusu ya ile ya mlalo. Picha ya wima yenye vitu vidogovidogo inaanza na hasara, na jaji aliyekaa mita tatu kutoka kwenye skrini hataviona.

Rangi nazo huleta mshangao. Faili ya Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana kuliko sRGB, ikifunguliwa na programu isiyojali wasifu wa rangi (maelezo ndani ya faili yanayosema rangi zisomweje), nyekundu inapauka na ngozi za watu zinakuwa kama zimepakwa majivu. Dawa ni kuibadilisha faili yenyewe iwe sRGB kabla ya kuihifadhi. Ukiibandika tu lebo ya sRGB bila kubadilisha thamani za rangi, mpauko ni uleule. Halafu kuna kunoa, yaani kukoleza ukali wa kingo za vitu pichani: punguza ukubwa kwanza, noa mwishoni, na kwa kiasi. Picha iliyonolewa ikiwa kubwa, ikapunguzwa, kisha ikanolewa tena, huota mstari mweupe kwenye ukingo wa milima na majengo, na projekta haifichi kitu. Picha yenye giza pembeni iwekee mstari mwembamba wa kijivu wa pikseli mbili. Bila huo, mipaka yake inamezwa na weusi wa skrini. Mstari mweupe mnene ni kosa jingine, jicho linakimbilia huko.

Kwa picha za kuchapishwa, kadibodi ya kubandikia picha ya sentimita 40 kwa 50 ndiyo imezoeleka. Nyingi hufika mezani zikiwa na giza, na sababu ni skrini ya kompyuta nyumbani kung'aa kupita kiasi. Ishushe hadi kandela (kipimo cha mwanga) 100 hivi kwa mita mraba ndipo uhariri. Karatasi ya kung'aa sana humrudishia jaji taa ya stendi ya kuonyeshea picha machoni. Ya nusu mng'ao ni salama zaidi. Nyuma ya kadibodi pasibaki gundi iliyo wazi, kwa sababu picha hupangwa moja juu ya nyingine na yako itamchubulia mwenzako uso wa picha yake. Andika jina la picha na mshale wa upande wa juu, hasa kwa picha za kidhahania. Zimeshawahi kuhukumiwa kichwa chini miguu juu.

Soma masharti ya kundi unaloshindania kabla ya kupeleka. Kwa tafsiri ya FIAP, shirikisho la kimataifa la upigaji picha, picha ya nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi moja kote bado inahesabika humo. Ukibakiza ua jekundu peke yake, imehamia kundi la rangi. Kwenye picha za maumbile unaruhusiwa kukata kingo, lakini kufuta kijiti kilichopita mbele ya ndege hapana.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale jaji anapozitenga picha kadhaa bila kuzipa alama, kisha zinarudishwa pamoja mwishoni. Hapo analazimika kulinganisha na kutoa sababu, na sababu hizo zinafundisha kuliko tarakimu. Tarakimu zenyewe hazina uzito mkubwa: wengi hujibana kati ya 15 na 20, kwa hiyo tofauti ya alama moja huenda ni ladha ya mtu tu.

Lalamiko langu kubwa ni muda. Picha 60 kwa dakika moja na nusu kila moja ni dakika 90 kamili, kabla hata ya mapumziko. Jaji asiyetumiwa picha mapema huanza kwa hotuba ndefu na kumalizia kwa sentensi mojamoja, na aliye mwisho wa foleni anaambiwa "nzuri, 16". Klabu inayomtumia picha siku kadhaa kabla inaendesha jioni bora zaidi. Ulizia hilo kabla hujalipa, na uende na daftari, maana maoni hayo kwa kawaida hayaandikwi popote.