Elfu themanini kwa neno moja

Skripti nzuri, fundi hafai. Nilitaka niishie hapo, lakini roho bado inaniuma.

Nina tovuti ya vyumba vya kupanga hapa Tanga: Makorora, Mabawa, Chumbageni, mpaka Raskazone kwa wenye nazo. Skripti, yaani programu inayoiendesha, niliinunua kwa fundi mmoja wa hapa hapa mjini. Shida ilikuwa kwenye kutafuta. Mtu akiandika "chumba Makorora", vinatangulia vya zamani vilivyokwisha kupangwa, na kilichowekwa asubuhi kimezikwa kurasa za nyuma huko. Mama mmoja alipanda bajaji kwenda kuona chumba, akakuta watu na watoto wao wanaishi humo tangu mwaka jana. Nauli nilimrudishia. Aibu ilibaki kwangu.

Ilikuwa baada ya Idi, wiki ipi sikumbuki. Nikamfuata fundi dukani kwake, nikamsalimu vizuri, nikaeleza. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, mfumo ndivyo ulivyo. Kugeuza mpangilio ni kuandika upya. Elfu themanini." Nikamuuliza kuna kazi gani hapo. Akanijibu, "Hata nikikueleza, utaelewa?" Wateja wanne wamekaa kwenye benchi, wananitazama. Nimeuza vitenge Ngamiani miaka mingi, na hata anayeshikashika kitambaa saa nzima bila kununua sijawahi kumjibu hivyo.

Nikalipa, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wananipigia kila siku. Nikasimama nyuma yake. Akafungua faili moja, akashuka hadi kwenye mstari wenye ORDER BY, yaani amri ya kupanga matokeo, akafuta ASC, akaandika DESC. Akahifadhi. Basi! ASC hupanga kutoka chini kwenda juu, DESC hugeuza, kwa hiyo tangazo la mwisho linakuja mbele. Nimeelewa, na wala sikuhitaji shule.

Na bado hakumaliza. Nikibonyeza "bei ya chini kwanza", chumba cha 100000 kinakaa juu ya cha 35000. Nilipompigia akasema hiyo ni kazi nyingine, hela nyingine. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeliona: "Shangazi, bei zimehifadhiwa kama maandishi, si namba. Inalinganisha herufi ya kwanza, moja iko kabla ya tatu." Alichukua nakala ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za tovuti, kwanza, akaondoa koma zote, maana "40,000" ikigeuzwa namba inaweza kukatikia kwenye koma ikabaki 40. Kisha akabadilisha aina ya safu ya bei kuwa namba. Alimaliza kabla chai haijapoa. Sasa 35000 inatangulia.

Haki yake nimpe: skripti haijawahi kuzima, picha zinafunguka hata kwenye simu ya bei rahisi, na wapangaji wanaisifu. Ukiwa na kijana wa kukusaidia nyumbani, inunue. Nyota nne.

Hapana. Aliyeijenga ndiye aliyeweka bei kama maandishi, halafu akataka nimlipe kosa lake mwenyewe. Nyota mbili, na hizo ni za skripti. Elfu themanini yake siidai. Ninachodai ni aniombe radhi pale pale dukani, mbele ya benchi lile, watu wakiwa wamekaa.