Programu za kulinganisha kwa jozi: kinacholalamikiwa na kinachopuuzwa

Programu za kusaidia uamuzi zinazotumia AHP (Analytic Hierarchy Process), mbinu iliyobuniwa na Thomas Saaty, hukuuliza kigezo kipi kina uzito kuliko kipi, kwa kipimo cha 1 hadi 9, kisha hupanga machaguo kwa alama.

Lalamiko la kwanza la watumiaji ni wingi wa maswali, na hapo wana haki. Vigezo 7 ni jozi 21. Vigezo 10 ni jozi 45, na mtu akichoka hubofya tu ili amalize. Vikizidi 7, vigawe kwa makundi.

La pili ni onyo la majibu kupingana, linalotokea kiwango cha kupingana kikizidi 0.1. Mara nyingi jibu limegeuzwa: ulitaka 1/5, yaani kigezo cha pili ndicho kizito mara 5, ukaweka 5. Ila kuna wakati mtumiaji hana kosa. Tuseme usalama una uzito mara 5 ya kasi, na kasi mara 5 ya mwonekano. Usalama kwa mwonekano ungekuwa 25, lakini kipimo kinaishia 9. Ukiweka 9 unapata takriban 0.101, na onyo hilo hapo! Wengi huchezea majibu mpaka lizime. Afadhali kuliacha liwake.

Kasoro nzito zaidi haimsumbui mtu, kwa sababu matokeo huja na desimali zinazopendeza macho. Chukua vigezo vitatu vyenye uzito sawa. Chaguo A lina alama 1, 9, 8. B lina 9, 1, 9. C lina 1, 1, 1. B linaongoza kwa 0.47, A lina 0.45. Sasa ongeza D, nakala kamili ya B. A linashika nafasi ya kwanza likiwa na 0.37 na B linashuka hadi 0.29, ingawa hakuna aliyegusa alama zao. Sababu ni kwamba alama za kila kigezo hugawanywa ili jumla iwe 1, kwa hiyo B na D yanamegeana fungu lile lile.

Dawa ni mpangilio unaolipatia chaguo bora la kila kigezo alama 1, na mengine yakapimwa kwa hilo. Hapo B halitikisiki. Kwa hiyo kabla ya kulipia programu yoyote, ingiza mfano huu, rudufu B, uangalie nani yuko juu. A likipanda na mpangilio huo haupo, tafuta nyingine.