Mashine ya kupasha joto kompoziti: naipa nyota 4

Kwa sisi tunaoziba meno hii kitu inasaidia kweli. Kompoziti (ile dawa laini ya kuzibia matundu ya meno, inayokazwa kwa taa ya bluu) ikitoka kwenye friji moja kwa moja inakua nzito kusukuma, na ukiipiga taa ikiwa bado ya baridi haikazi vizuri maana molekuli zake zinashindwa kusogea zikaungana, yaani mgonjwa anaondoka na ujazo laini ambao utalika mapema. Humu inafika nyuzi 54 au 60, inalainika, inaingia kila kona na ikipigwa taa inakaza freshi. Shida ukiitoa inapoa fasta, dakika 2 tu karibu nusu ya joto imeshapotea, sasa uwe na msaidizi wa kuzubaa uone. Halafu waya mfupi jamani, kwa bei ile!