LUKU ya maji: miezi minne na kile kijidude, nyumba moja wapangaji saba

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka zake aondoke. Mita yenyewe naipa nne kati ya tano, huduma ya waliotufungia naipa mbili, na sisi wapangaji wenyewe tukijipa hata moja tutakuwa tumejipendelea.

Nyumba tunayokaa ina vyumba saba, vyoo viwili uani, bomba moja karibu na karo, mita moja ya umeme na mita moja ya maji. Mamlaka ya maji ya huku kwetu (siitaji, ofisini kwao sasa hivi wananijua kwa sura) walipita mtaani kung'oa mita za zamani na kuweka hizi wanazoziita mita janja, ila huku hamna anayeita ivyo, ni LUKU ya maji basi, mana LUKU ya umeme tumekua nayo na kila mtu anajua kirefu chake, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kwahiyo ukimwambia bibi "LUKU ya maji" huna haja ya kueleza tena.

Lazima niseme tulikotoka la sivyo hizo nyota nne zitaonekana za rushwa. Msoma mita wa zamani mwezi huu anakuja mwezi ujao humuoni, bili inaingia kwenye simu ya mwenye nyumba, mzee anatufowadia na neno moja tu, "lipeni". Kuna mwezi maji yalitoka siku tisa, nimehesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, bili ikasoma unit 61. Sixty one! Unit moja ni lita elfu moja, yaani ndoo kubwa 50, sasa piga mara 61 uniambie sisi tulikuwa tunajaza bwawa la nani.

Fundi bomba mmoja ndo alinifungua macho. Mita ya zamani ina kipangaboi kidogo ndani, maji yakipita kinazunguka, kinachozunguka ndo kinahesabiwa. Shida ni kwamba maji yakikatika siku nne bomba la mtaani linajaa upepo, siku yakirudi yanausukuma ule upepo mbele yake kwa kasi, we unasikia bomba linakoroma fyuuu kabla tone halijatoka, na kile kipangaboi hakijui hiki upepo hiki maji, chenyewe kinazunguka tu. Mtaani tulikuwa tunasema tunauziwa hewa, tukaonekana walalamishi, kumbe tulikuwa tunasema kweli tupu.

Hii mpya haina kitu kinachozunguka. Ni ya mawimbi ya sauti, ina vihisio viwili, sauti inatumwa kufuata maji na nyingine inatumwa kuyapinga, ile inayofuata inawahi kufika, tofauti ya muda ndo inaiambia mita maji yanakwenda kasi gani. Bomba likiwa na upepo tupu inaonyesha alama yake kwenye kioo na haihesabu. Mara ya kwanza maji yalivyorudi baada ya mgao nilikaa na kijidude mkononi naangalia salio, bomba likakoroma kama kawaida yake, salio likabaki palepale mpaka maji yenyewe yalipoanza. Aisee nilitabasamu peke yangu uani kama mwendawazimu. Nyota mbili kati ya zile nne ni za siku hiyo.

Kijidude ndo nini? Mita yenyewe iko kwenye boksi nje karibu na geti, imefukiwa nusu, ndani unapewa kitu kama kikokotoo cha dukani, kina kioo na vitufe, kinaongea na mita kwa mawimbi ya redio. Unalipa kwa simu, inakuja meseji yenye tarakimu 20, unaingiza, kinalia pii, unit zinapanda. Kama we ni wa LUKU ya umeme hamna jipya hapo, na kusema kweli zile purukushani za 2024 zilishatupa mafunzo, mnakumbuka? Mita za umeme za mfumo huu wa tarakimu 20 duniani, karibu zote, namba zake zilikuwa zinahesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 na hesabu yao ilikuwa inaishia tarehe 24 Novemba 2024, baada ya hapo namba mpya hazikubali, ikabidi kila mtu aboreshe mita yake, unanunua umeme unaletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, mawili ya kuifundisha mita na la tatu ndo umeme wako. Mimi niliingiza za nyumba nzima na za jirani wawili nikiwa na tochi mdomoni. Kwahiyo hizi 20 za maji ni mchezo wa watoto.

Sasa huduma. Walikuja vijana watatu, kazi yenyewe hata saa nzima haikuisha, hawana maneno mabaya wala hawakuomba soda, ila mimi ndo nilikuwa off siku hiyo peke yangu nyumbani, nikakabidhiwa kijidude na karatasi ya maelekezo ya kiingereza chenye herufi ndogo kama sisimizi, wakapanda pikipiki wakaondoka. Hamna aliyesema lolote kuhusu deni. Siku ya tatu naweka elfu kumi, naletewa unit 3.9. Nikajua ndo bei. Kumbe akaunti ya mzee ilikuwa na deni la enzi za zile bili za hewa, na kila ukinunua wanakata asilimia 30 kwanza, elfu saba ndo inageuka maji. Deni likiisha elfu kumi inatoa 5.6, nimeshaona kwa macho. Lakini mpangaji aliyehamia mwezi uliopita anamlipia vipi mwenye nyumba madeni ya bili za nyuma? Ni kama ile kodi ya jengo waliyoiweka kwenye LUKU ya umeme tangu 2021, kwa nyumba ya kawaida ilianza elfu moja kwa mwezi ikaja kupanda, nyumba si yako ila kodi unaikatwa wewe uliyeishiwa umeme usiku. Nikamfuata mzee, shikamoo baba, marahaba, nikamuonyesha meseji zote nimezipanga. Alikaa kimya mda mrefu afu akasema "haya kateni kwenye kodi yangu". Ndo uzuri wa meseji, huwezi kubishana nayo. Ila hilo lilikuwa la kuambiwa siku ya kufungiwa, sio la kugundua.

Na kuna ile jumamosi. Salio lilisoma 0.20 mchana, nikanunua mapema kabisa nikiwa mwerevu, hela imekatwa, meseji ya namba haiji. Dada wa chumba cha nne kaloweka nguo za wiki nzima na mashuka mawili, povu mpaka kwenye mabega, maji yakafunga tap! Hayapungui kidogo kidogo kama ya mgao, yanafunga kama mtu kakanyaga bomba. Nikapiga namba ya huduma, muziki, muziki, "endelea kusubiri", muziki, salio la simu nalo linaisha. Mtu aliyepokea baadae alikuwa mpole ila jibu lake lilikuwa "mfumo uko chini ndugu mteja". Namba ilikuja saa kumi alfajiri. Nguo zilishaoshwa kwa madumu ya mkokoteni, na dada hakunisemesha hadi jumanne, kana kwamba mimi ndo mfumo. Tangu siku hiyo hatushuki chini ya unit moja, tumekubaliana wote.

Ila acha nisimulie lililonifanya niipende hii mita, mana hapa ndo penyewe. Wiki ya pili niliona unit zinaisha haraka kuliko ndoo tunazochota. Kila mtu anamuangalia mwenzake, mama ntilie wa chumba cha mbele ndo kabisa macho yote kwake kwa vile anaosha masufuria. Nikasema ngoja. Saa tano usiku watu wamelala, kioo kinasoma 4.31, nikaandika kwenye kiganja kwa peni. Saa kumi na moja alfajiri kabla hata mwadhini hajaadhini, 4.25. Hamna aliyechota hata kopo. Yaani lita 60, ndoo tatu, zimeondoka sisi tumelala, kwa siku nzima ni ndoo 12, kwa mwezi unit saba na zaidi, elfu kumi na mbili na ushee inapotea hatujui inapotelea wapi. Nikanunua paketi ya juisi ya unga, ile nyekundu, nikamimina kwenye tanki la kuflashi la choo cha kwanza, nikazuia mtu asiingie nusu saa (kuna dogo wa bodaboda alilalamika sana hapo). Kuangalia sinki, meupe. Choo cha pili nikafanya vilevile, nusu saa, wekundu umechora mstari mwembamba unateremka kwenye sinki kama damu ya pua. Kile kipira cha chini cha tanki kilikuwa kimeliwa. Kipya hata elfu tano haikufika, nikafunga mwenyewe, usiku uliofuata 3.88 asubuhi 3.88. Mama ntilie aliniletea chapati mbili bila kusema kitu, nikaelewa.

Mita ya zamani isingeniambia hilo hata miaka kumi, iko shimoni, kioo kina ukungu, buibui kazaa humo.

Sasa kwenye sisi wapangaji. Zamani tulikuwa na adui mmoja, msoma mita. Sasa hivi hayupo, tumebaki tunaangaliana. Tulianza kuchanga kwa chumba, mwenye familia ya watu sita akafurahi, dogo wa bodaboda anayeoga kazini akasema hapana. Tukaenda kwa kichwa, ikaja hoja ya watoto wachanga, mtoto anahesabika kichwa au nusu? Nepi zake je? Kikao kilienda mpaka saa nne usiku. Wale wa LUKU ya umeme ya kushea wanalijua hili, mkiwa wengi kwenye mita moja mnavuka unit 75 za mwezi mnatoka kwenye bei ya mia moja ya mtumiaji mdogo, wote mnaumia kwa sababu ya friji la mmoja. Kwa maji tumeishia kuweka daftari na zamu, kila chumba na siku zake za kununua. Na jirani wa nyuma mwenye mita yake peke yake kagundua biashara, unit kwake haifiki elfu moja mia nane, anauza ndoo mia moja, ndoo 50 elfu tano. Simlaumu, mgao ukikaza hata mimi nanunua kwake.

Kuna watu wanasema hizi mita ni kumkaba maskini na sio maneno ya kupuuza. Uingereza kumkatia mtu maji nyumbani kwa sababu hajalipa ni marufuku tangu sheria ya 1999. Soweto ya Afrika Kusini, mtaa wa Phiri, wakazi walifungiwa mita za kulipa kabla wakaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Katiba, wakashindwa mwaka 2009, ila kule angalau kila nyumba ilikuwa inapewa unit sita za bure kila mwezi kabla mita haijafunga. Sisi hapa bure ni ile 0.00 kwenye kioo. Mimi ningeomba hata unit moja ya dharura, unakopeshwa usiku unakatwa ukinunua, mana mgonjwa hasubiri mfumo upande. Kitu kina kompyuta ndani kinashindwa nini kukopesha ndoo hamsini?

Na wasije wakakudanganya, LUKU ya maji haileti maji. Mwezi uliopita tulikaa na salio 3.70 siku tano bomba kavu, kijidude kinang'aa vizuri tu kinaonyesha tuna maji. Nafuu ni kwamba ilibaki 3.70, haikushuka hata pointi.

Kama kwako bado hawajafika, siku wakija piga picha mita ya zamani namba zisomeke kabla hawajaing'oa, waulize deni la akaunti mbele ya mwenye nyumba akiwepo, na angalia stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo kwenye mita mpya, usione aibu kuuliza. Kijidude kinatumia betri za rimoti, zikiisha maji yanaendelea kutoka ila salio huoni, sisi tulipata hofu bure siku nzima kumbe ni betri.

Sasa hivi naandika kioo kinasoma 1.12, zamu ni ya dogo wa bodaboda, nimempigia mara tatu hapokei na dada wa chumba cha nne nimemuona anatoa beseni.