Rangi iliyopulizwa mara mbili

Nimetumiwa ujumbe wa kuombwa nyota na mafundi walionipakia rangi kwenye gari. “Mteja wetu mpendwa, huduma yetu umeionaje?” Mpendwa! Haya. Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu pale pa kubonyeza hapakubali sifuri.

Nimeshika simu tangu jioni nikijiambia niandike kwa utulivu. Nimeshindwa, maana kila nikianza inanijia ile pumzi ya kijana wa kaunta. Nitaifikia.

Pikapu yangu ina milango minne, na kila mlango una mkanda wake wa plastiki ubavuni, ule wa kupokea kipigo pale mwenye gari la jirani anapofungua mlango kama anafungua zizi. Mitatu ni ile iliyokuja na gari. Imepigwa jua miaka mingi, ikapauka mpaka ikawa na kijivu cha majivu yaliyomwagiwa maji. Wa nne, wa nyuma kushoto, ulibanduka zamani (nilikwaruza nguzo, tusiliongelee hilo), nikanunua mwingine, tena si wa kampuni iliyotengeneza gari. Huo ulikuwa mweusi tii, unang'aa. Kwa hiyo ukilitazama gari upande wa kulia ni mzee, ukilitazama upande wa kushoto ni mzee mwenye jino moja la dhahabu.

Ndipo nikapata wazo la kuipaka yote rangi ya bodi, yaani ile ya fedha yenye chenga zinazometameta, ila niweke mstari mweusi chini ya kila mkanda, upana wa kidole kidogo, ili mkanda uonekane umeota pale pale mlangoni. Wazo ni langu mwenyewe na bado naona ni zuri. Hilo mtu asininyang'anye.

Nikawapelekea. Swali ambalo sikuulizwa ni moja tu: hii mikanda ni plastiki ya aina gani? Kusema haki, ningeulizwa nisingejua kujibu. Lakini mimi si fundi rangi. Walichotaka ni namba ya rangi, nikawaonyesha kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, wakaniambia nirudi kesho jioni. Hata kuibandua hawakuibandua. Walizungushia magazeti na utepe wa karatasi, wakapulizia hapo hapo ilipo.

Nilipoenda kulichukua gari nilifurahi, sitaki kudanganya. Mstari mweusi ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula, na hakuna tone lililorukia mlango. Nililizunguka mara tatu. Nikampa fundi mkono wa shukrani. Ningeandika jioni ile, hapa mngesoma nyota tano na dua ya kumtakia maisha marefu.

Kulipokucha nikaona mikanda imeizidi bodi weupe kidogo. Ukisimama mbele ya gari vinafanana, ukija ubavuni vinaachana. Hilo nililimeza, na baadaye nikajua sikukosea kulimeza. Rangi ya chenga inategemea chenga zimelalaje, na zinalala tofauti kwa presha ya kompresa, kwa umbali wa bunduki ya kupulizia, kwa mpako kuwa mwepesi au wa majimaji. Halafu bodi yenyewe imeshapauka. Ile namba ya kwenye kibandiko inaeleza gari lilivyotoka kiwandani, haijui limeegeshwa juani miaka mingapi. Kwa hiyo hapo siwalaumu. Au nawalaumu kidogo, kwa sababu wangeweza kujaribia kwenye kipande cha kadi kwanza na kukiweka kando ya mlango, kazi ya dakika kumi.

Zikapita wiki mbili hivi, labda tatu. Nilikuwa naosha gari kwa mashine ya maji. Kona ya mkanda wa mbele kulia ikainuka. Nikadhani ni jani limenata. Nikaigusa, ikaja. Nikavuta, ikaendelea kuja, taratibu, bila ubishi, bila hata kukatika, mpaka nikawa nimeshika ukanda wa rangi mrefu kama mkono wangu. Rangi na klia, ule mpako wa juu usio na rangi, vilikuwa vimeshikana vizuri ajabu, vyenyewe kwa vyenyewe. Chini yake plastiki ilikuwa safi, kama haijawahi kukutana na rangi maishani. Nyoka akijivua gamba angalau hujisugua kwenye jiwe.

Nikautia ule ukanda kwenye bahasha, nikaenda nao.

Fundi hakuwepo. Kaunta alikuwepo kijana mmoja na simu yake. Hakunisalimia, kwa umri wake shikamoo ilikuwa ya kwake kuitoa, lakini tuache. Nikauweka ukanda juu ya kaunta, nikaunyoosha, nikamwambia, “Hii ndiyo rangi mliyopaka kwenye gari langu.”

Akautupia jicho moja, la pili likabaki kwenye simu. “Bosi, hapo umepiga mashine ya maji.”

“Ndiyo. Gari huoshwa.”

“Basi ndiyo hivyo.”

“Ndiyo hivyo nini?”

Akainama, akaupuliza. Phuu! Kama unavyopuliza vumbi kwenye kioo cha simu. Rangi yangu ikaruka juu ya kaunta, ikajigeuza hewani, ikatua sakafuni karibu na kiatu changu. Kisha akanyoosha mkono kupokea funguo za mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Wanajiita mafundi wa kupuliza rangi. Walipoipuliza mara ya kwanza sikuwepo, siwezi kushuhudia. Hii ya pili nimeiona kwa macho yangu, na nakiri ilisambaa vizuri.

Sikugombana. Najuta. Niliinama nikaokota rangi yangu, mtu mzima mimi, nikatoka.

Nyumbani nikamalizia kwa ukucha. Mkanda wa mbele kushoto ukamenyeka wote. Wa nyuma kulia vile vile. Nikafika kwenye ule wa nne, wa kununua, wa bei rahisi. Ukagoma. Nikakwaruza kwa ukucha, nikakwaruza kwa pembe ya kadi, haukutoa hata chenga moja. Siku ile ile, fundi yule yule, kopo lile lile la rangi. Hapo hasira ikanipungua kwa mara ya kwanza, ikaja shauku.

Nikabandua mikanda yote. Hapa nitoe sifa kwa kitu pekee kilichofanya kazi yake sawasawa katika mkasa huu wote: ile gundi ya pande mbili ya kiwandani, yenye sifongo katikati. Miaka yote hiyo, jua lote hilo, na bado ilinitoa jasho. Unapasha mkanda kwa mashine ya kukaushia nywele, unapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, unausokota huku na huku kama msumeno. Ukivuta kwa nguvu bila moto unaupinda mkanda na haunyooki tena. Mabaki ya gundi yalinila alasiri nzima.

Nyuma ya ile mitatu ya asili kuna herufi ndogo za kutaja aina ya plastiki, zimechongwa katikati ya vimshale viwili: PP, kisha EPDM. Nyuma ya ule wa nne: ABS. Nikakata unyoya mmoja wa plastiki kwa wembe kutoka kila mkanda, nikavitia kwenye beseni la maji. Vya PP vikaelea. Cha ABS kikazama. Nilikaa na lile beseni kama mtoto.

Maana yake nilielezwa na fundi mwingine, mwenye kupaka rangi mabampa, mtu wa maneno machache. PP na ndugu zake ni plastiki zenye tabia ya mafuta. Rangi ikitua juu yake haina pa kushika, inakaa tu kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti. Lazima ioshwe kuondoa silikoni na nta, ipigwe msasa, halafu ipakwe ile dawa yake ya kushikisha, praima ya plastiki, mpako mwembamba kabisa, ndipo rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. ABS haina makuu hayo. Thina iliyomo kwenye rangi inaila juu juu na rangi inapata mizizi. Ndiyo maana mmoja ulibaki na mitatu ikavuka nguo. Kumbe dawa yenyewe ni kopo dogo. Walichonyima gari langu ni kopo dogo na swali moja!

Nikamuuliza habari ya mashine ya maji, maana neno la yule kijana lilikuwa bado linanichoma. Akasema nikiileta pua ya mashine karibu sana pembeni mwa mkanda naweza kuinua hata rangi ya kiwandani. Je, niliileta karibu? Huenda. Mimi naosha kwa nguvu. Lakini akaniambia pia rangi iliyoshika haitoki kwa utepe. Akachana vimraba kwa wembe kwenye kipande kidogo cha rangi yao kilichosalia, akabandika utepe wa kawaida, akauvuta. Vikaja vyote. Hapakuwa na maji hapo. Kwa hiyo, kijana, ulikuwa na haki robo, na kwa robo hiyo ungeweza kunieleza bila kupuliza.

Huyu wa pili aliipaka ile mitatu upya ikiwa imelala mezani, kavaa barakoa yenye vichujio kwa sababu hadina ya klia, ile dawa ya kuigandisha, si kitu cha kuvuta pumzi. Akajaribia rangi kwenye kadi mara nne. Mara nne! Akapaka dawa ya kushikisha hata mgongoni, akasema gundi nayo ina kiburi kile kile cha rangi juu ya PP. Akasafisha mlango kwa spiriti iliyochanganywa na maji, akabandika, akakandamiza kwa kiganja kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaniamuru nisilioshe gari siku tatu ili gundi ifikie nguvu zake zote. Niliitii kama dozi ya dawa.

Sasa jambo linaloniharibia hukumu yangu. Juzi juzi, mahali pa kuegesha, mtu alifungua mlango wake akaubamiza wangu wa nyuma kushoto. Nilikuwa ndani, nilisikia ubavuni. Nikashuka nikijua bati limebonyea. Halikubonyea. Mkanda ulipokea. Ulipata kovu refu kama ukucha, na rangi, rangi yao wale, haikutoka. Ilikwaruzika tu juu, kwenye klia.

Nikajikuta nataka kuwapa nyota tatu. Mkono wao kwenye bunduki ni mzuri, lazima niseme, na ule mstari mweusi haukupinda hata mahali pamoja. Fundi wa pili mstari wake una tumbo kidogo upande wa kulia, ukiinama utaliona. Nikafuta ile moja, nikabonyeza tatu. Halafu nikakumbuka nikiinama sakafuni kuokota. Nikarudisha moja. Sasa hivi ninapoandika iko kwenye mbili, nayo haijatulia.

Nao mkanda wa nne bado umevaa rangi ya kwanza. Ile mitatu mipya imekubaliana na bodi, huu wa nne umebaki na ule weupe wa kuzidi, pamoja na kovu lake. Nimechukua msasa mara mbili niusugue nianze upya, mara mbili nimeuweka chini, kwa sababu nitakuwa nasugua rangi pekee waliyoipatia. Kwa hiyo upande wa kulia ni mzee aliyeoga, na upande wa kushoto jino limerudi, safari hii la fedha.