Montblanc 149 kwa mtu wa Mbeya: ununue au uache?

Kalamu ya wino ya Montblanc Meisterstück 149 ikiwa mpya inazidi dola 1,000 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Kwamba inaandika vizuri halina ubishi. Imetengenezwa tangu 1952 na sifa yake haikuja kwa matangazo tu. Mambo ya kumsumbua mnunuzi wa Mbeya au Iringa ni mengine: karatasi, mwinuko na fundi.

Kwanza ukubwa. Mwili wake una unene wa karibu milimita 15, yaani kama Bic mbili zikilazwa pamoja. Wenye viganja vidogo wajaribu kuishika nusu saa kabla ya kutoa hela. Nibu, yaani ncha ya kuandikia, ni ya dhahabu ya karati 18 na imechorwa 4810, mita za mlima Mont Blanc. (Rungwe haifiki hata 3,000, lakini Kilimanjaro inaupita mbali, kwa hiyo Mtanzania hana sababu ya kutishika.) Dhahabu yenyewe haigusi karatasi. Kinachogusa ni chembe ya aloi ngumu iliyochomelewa kwenye ncha, na nibu nzuri ya chuma ina chembe ya namna hiyo hiyo.

Karatasi ndiyo hukatisha tamaa mapema. Kwenye kaunta buku nyingi wino husambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili, hasa ukichukua nibu ya M (ya kati), ambayo kwa viwanda vya Ulaya ni nene na inamwaga wino mwingi. Chukua EF (nyembamba kabisa), au F (nyembamba) ikiwa unaandikia karatasi ya rimu ya gramu 80. Nenda dukani na daftari lako mwenyewe: andika mistari mitatu, weka nukta na uishikilie ncha sekunde mbili, kisha geuza ukurasa. Na kama kazi yako ni risiti na fomu za nakala za kaboni, acha kabisa. Nibu haitaki kukandamizwa. Ukiikandamiza meno yake yanapanuka na hayarudi.

Sasa mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Hewa iliyofungiwa ndani ya kalamu inatanuka kadiri unavyopanda. Kalamu iliyoondoka Dar ikiwa na mililita 1 ya hewa itajikuta na hewa ya ziada ya mililita 0.2, nayo itasukuma wino wa ujazo huo huo, kama matone manne. Ulimi wa plastiki chini ya nibu una mifereji ya kuhifadhi kiasi fulani. Kinachozidi kinaishia ndani ya kifuniko, na ukifungua unapaka vidole. Ukipanda mlima Kitonga kwa gari au ukiruka kwenda uwanja wa ndege wa Songwe, ijaze hadi juu au imwage yote, na isimame nibu ikitazama juu muda wote. Kushuka hakuna shida. Baridi ya Julai nayo ina visa vyake: kalamu yenye wino kidogo ikitoka kwenye meza baridi kuingia mfuko wa ndani wa koti, joto la mwili linafanya kazi ile ile ya mlima.

Wino uwe wa kalamu za wino tu. Wino wa mhuri una gliserini na haukauki vizuri. Wino mweusi wa wachoraji ukikauka ndani unaganda kama rangi ya ukuta. Osha kwa maji safi yasiyo ya moto, nyonya na kutema mpaka yatoke meupe. Spiriti usiitumie, inaharibu mwili wa kalamu.

Mwili huo ni plastiki ngumu inayong'aa, na ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka. Pistoni yake, yaani kidude cha ndani cha kunyonya wino, haifunguliwi kwa koleo la nyumbani. Matengenezo maana yake ni kuituma nje ya nchi na kusubiri.

Kwa wengi wa huku, Lamy 2000 inatosha na kubaki. Imekuwepo tangu 1966, ina pistoni na nibu ya karati 14, mwili wake haung'ai kwa hiyo mikwaruzo haionekani, na kwa kawaida bei ni kama moja ya tano ya 149. Ambaye hajawahi kutumia kalamu ya wino aanze na Pilot Metropolitan, aone kama baada ya miezi sita bado anaiosha. Anayeandika kurasa nyingi kwa mkono kila siku, mezani, kwenye karatasi nzuri, huyo 149 itamfaa.

Ukiletewa 149 ya bei ya kuokota, zungusha kitako chake. Ya kweli inasogeza pistoni na kunyonya wino moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Ukifungua mwili ukakuta katriji (kichupa cha wino cha kubadilisha), mrudishie mwenyewe.